Ithungu Mmoja Anatosha

Tulikuwa tumeshaacha Bwera nyuma, tunarudi Kasese, mama mmoja akaja kusimama katikati ya barabara na kikapu chake. Nimeendesha magari toka Gulu hadi Beni, namjua mtu anayeomba lifti na mtu asiyeogopa kugongwa. Huyu alikuwa wa pili. Nikakanyaga breki.

Nyuma yangu alikaa Semakula, kijana wa Kampala anayesomea shahada. Kazi yake ilikuwa hesabu za wagonjwa: wenye sukari wanaochomwa insulini mpya, nani anapata nafuu, nani anakufa. Dawa yenyewe ilikuja bure, lakini kwa majina aliyoyapitisha yeye.

Mama aliitwa Ithungu, wa kule mlimani. Asubuhi sista Ednah, muuguzi wa hospitali ya Bwera, alikuwa amemwambia kwamba friji ina boksi moja tu la Ithungu, na limeshachukuliwa na Ithungu mwingine, yule anayeuza nyanya Mpondwe. Semakula akateremsha kioo, akamweleza kwa upole kabisa. Kompyuta ilionyesha Ithungu wawili, kata moja, umri mmoja. Akadhani ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili, akafuta mmoja.

"Kwani mama zenu waliishiwa majina?" Semakula akauliza.

"Ithungu ni zamu, dokta. Kwetu binti wa tano ni Ithungu, kila nyumba. Mimi iko hapa, unaniona."

"Nakuona. Lakini ripoti imeshakwenda kwa wafadhili. Nikikurudisha wewe, wataniuliza nimefuta nani mwingine."

Akapandisha kioo. Mama alikuwa ameshika kioo, hakuachia mpaka kikambana vidole, akavichomoa mwenyewe.

"Twende, mzee."

Njiani nikamwambia kwamba jeshini tulikuwa Komakech watatu, na afande hakufuta mtu. Kulikuwa na Komakech Meno, Komakech Redio, na mimi Komakech Miguu. Akacheka sana. Akasema meno hayaingii kwenye kompyuta.

Mwezi uliofuata Ednah akapiga simu: Ithungu amekufa, yule wa mlimani. Semakula akatafuta jina, akampata Ithungu mmoja, akamwandika marehemu. Ednah akamwambia siye huyo. Akajibu kwamba yeye ana mmoja tu.

Basi muuza nyanya akakuta friji haina boksi lake. Akapanda teksi hadi ofisini Kasese, akasimama mbele ya meza. Mimi nilikuwa mlangoni na funguo za gari. Semakula alitazama kompyuta kwanza, halafu yeye.

"Mama, wewe ulikufa mwezi uliopita."

Mama akacheka, akidhani anataniwa. Akatutazama sisi wawili, mmoja mmoja. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaketi sakafuni.

Hakurudishwa. Maiti akifufuka, ripoti mbili zinakuwa za uongo.

Ithungu wa mlimani amezikwa upande wa juu wa shamba la kahawa la mumewe. Ithungu wa nyanya alinunua dawa Kasindi, upande wa Kongo, mpaka mtaji ukaisha, akakatwa mguu, akafa mwaka 2016. Huyo hakuandikwa, maana alikuwa ameshaandikwa. Ednah alihamishiwa Kabatoro. Semakula alipata shahada yake, yuko ng'ambo anafundisha. Ripoti yake inasema Bwera alikufa mtu mmoja. Mimi naendesha lori la saruji.