Vituo Kumi na Kimoja vya Rostov

Njia ya kutoka uwanja wa ndege wa Rostov, Urusi, mpaka katikati ya mji, Ngwali aliijua macho kafumba, na hakuchoka kujisifia. Wiki nzima kabla binti yake Tasnim hajasafiri, alimkalisha mezani kwao Alief, mtaa wa Houston, akamchorea: ukitoka mlangoni vuka barabara, panda basi la umeme, hesabu vituo kumi na kimoja, shuka penye jumba la michezo ya kuigiza. Hapo ndipo katikati. Hapo dada yako atakuwa anakungoja.

"Baba Tasnim, miaka ishirini na tisa hujatia mguu huko," mkewe Bimdogo alimwambia. "Mwache huyo dada mtu aje ampokee."

"Asumbuliwe wa nini, na njia naijua?"

Huyo dada ni Zoya, ambaye Ngwali alimzaa na msichana wa Kirusi zamani hizo, alipokuwa huko akisomea ufundi wa matrekta. Alimwacha ana miaka mitatu, akaahidi kurudi. Akaenda zake Unguja, akaoa, akahamia Texas, akanyamaza kimya. Zoya ndiye aliyemtafuta hata akampata, na kwa mwaka mzima wakawa wanaandikiana tu. Ngwali hakuthubutu kumpigia simu, kwa kuiogopa sauti ya binti huyo.

Ilipofika 2018, Kombe la Dunia likachezwa Urusi na mwenye tiketi ya mechi akawa haombwi viza, Tasnim akasema anakwenda kumwona dada yake. Zoya akaandika kwamba atakwenda uwanja wa ndege kumpokea. Ngwali akamjibu: usijisumbue, mngoje kituoni. Mwenyewe aliiita adabu, lakini ilikuwa kiburi. Alitaka Zoya aone kwamba baba yake hakuusahau mji ule, na akiona hivyo pengine amsamehe. Hata namba ya Zoya hakumpa Tasnim, maana alitaka kila neno lipitie kwake kwanza.

Siku yenyewe, saa mbili asubuhi, alikuwa kazini kwake kwa kila siku: amesimama penye mlango wa wanaofika, uwanja wa ndege wa Houston, na kibao chenye jina la mgeni wa kampuni fulani. Simu ikalia.

"Baba, nime-land, niko outside," alisema Tasnim. "Hakuna hiyo basi yako. Hakuna hata town! Ni fields tu, everywhere."

"Vuka barabara, mwanangu."

"Which barabara? Nimemuuliza mtu, anasema town ni mbali, ni ya ku-drive. Are you sure ni hapa?"

Ngwali akamwambia asiondoke mlangoni, akakata, na kwa mara ya kwanza akampigia Zoya.

Simu ilipokuwa ikiita ndipo alipokumbuka njia ile aliijulia wapi. Vituo vile kumi na kimoja alivihesabu siku ya kuondoka, amempakata Zoya mapajani, akimfundisha kuhesabu kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu. Wiki nzima hii alikuwa amevigeuza tu, cha mwisho kikawa cha kwanza. Njia ya kumkimbia mtoto ndiyo aliyokuwa akijisifia.

"Niko kituoni tangu saa nane mchana," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, kwa Kirusi. "Huku ni saa kumi sasa. Yuko wapi?"

Ngwali akamweleza, Kirusi chake kikikwama kila baada ya neno.

"Uwanja ule ulifungwa Desemba," alisema Zoya. "Huu mpya uko nje kabisa ya mji. Ungeniuliza, ningekwambia."

"Sikutaka kukusumbua, mwanangu."

Zoya akasema: "Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinipeleka uwanja ule kila Jumapili, tutazame watu wakitoka. Tulikwenda mpaka nikaanza shule. Mimi sikutaka kumwonyesha Tasnim njia. Nilitaka kusimama mlangoni, hata mara moja, nimwone mtu wetu anatoka."

Ngwali aliona aibu. Akatafuta la kusema, akapata lile lile la zamani.

"Nitakuja, Zoya. Mwakani nitakuja."

"Hilo usiniambie," alisema Zoya, pole pole, bila hasira. "Mwambie Tasnim asiondoke. Nachukua teksi."

Simu ikakatika. Ngwali akamwandikia Tasnim kwamba dada yake yuko njiani, kisha akamtumia na namba aliyokuwa akimficha.

Abiria wakaanza kutoka. Ngwali akainua kibao chake juu, machozi yanamtiririka, na walinzi wanamtazama. Mzungu mmoja mwenye begi akalisoma jina lake, akamjia huku akitabasamu, akamuuliza kama amemngoja sana.

"Hapana, bwana," alisema Ngwali, akampokea begi. "Hata nusu saa haijafika."