Ruba Sita wa Nairuzi

Nairuzi imerudi, siku ya mwaka mpya, Srinagar nzima inataka kutoa damu chafu, na mlango wangu nimeufunga. Gongeni mtakavyo. Ruba wangu, hawa wadudu wanyonya damu, ni wasafi na mkono wangu ni mwepesi, lakini mwaka huu sitoki.

Mwaka jana, foleni ikiwa imefika hadi kwa mwoka mikate, aliingia Zoona, mjane wa makamo, magoti yamemvimba. Nilipokuwa namwosha miguu nikasikia tiki, tiki, tiki.

"Unatumia dawa yoyote, mama?" nikamuuliza. Huwa nauliza kila mtu.

"Dawa gani? Hata vidonge vya maumivu daktari kanikataza. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Kakukataza? Kwani magoti hayo anayatembelea yeye?"

Akacheka sana. Nikamwekea ruba sita, watatu kila goti. Waliposhiba wakadondoka, nikamfunga vitambaa, akaenda zake.

Alasiri mwanawe Altaf akaja mbio, damu hadi viwikoni.

"Mzee, damu haikomi! Nimebadilisha vitambaa mara nne!"

Nilikuwa hoi, chai yangu ya chumvi inapoa. "Wewe kijana, damu chafu haiishi kwa dakika mbili. Iache itoke. Kesho mama yako atakuja kunishukuru."

Akaniamini, akarudi nyumbani. Hilo ndilo linaloniua. Jioni walipompakia kumpeleka hospitali, hakufika.

Nilikwenda kuhani. Altaf hakunifukuza, heri angenifukuza. Akanionyesha kadi ya kliniki: mama yake aliwekewa kilango cha chuma moyoni, na kwa miaka kumi na tano alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu isigande. Alinificha kwa sababu matabibu wawili walishamkatalia.

"Kile kilango kilikuwa kinalia," Altaf akasema. "Utotoni nilikuwa nakisikiliza mpaka nalala. Wewe hukukisikia?"

"Nilidhani ni saa, mwanangu."

Waombolezaji wakanihurumia, mmoja akanishika bega. Mpaka leo mke wangu huwaambia watu, masikini, alidhani ni saa.

Chumba changu hakina saa. Na mikono ya Zoona niliishika mwenyewe, mitupu, haina hata bangili. Nilijua mlio unatoka kifuani mwake. Nilitaka kumuuliza, nikatazama foleni, nikachukua ruba wa kwanza.