Masale Thelathini na Moja

Alhamisi asubuhi Mwalimu Gaspar alikunywa chai barazani kwake Kibamba, akaitazama picha ambayo binti yake Clara alikuwa ameipiga jioni iliyopita, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mbingu hii umeifua kwa sabuni gani?"

"Ni HDR, baba. Napiga picha tatu za mahali pamoja: ya giza, ya kati na ya mwanga. Kompyuta inaziunganisha."

"Na bonde linang'aa kama beseni jipya. Mie nakaa hapa miaka ishirini na mbili, sijawahi kuliona bonde la plastiki."

Clara alinuna. Alikuwa akipiga picha za harusi Tabata ili apate kula, na za mabonde kwa sababu aliyapenda. Baba yake, mwalimu mstaafu wa jiografia, hakuwahi kushika kamera, lakini alikuwa na sheria kwa kila kitu.

"Hizo tatu zako zitumie pale tu jicho lako linapoona na kamera haioni," alisema. "Saa sita mchana piga moja, inatosha. Na upepo ukivuma acha kabisa. Juzi si majani yalikutokea mawili mawili?"

Kisha alisema kwamba Jumapili baada ya misa angemtembeza kwenye mpaka wote wa kiwanja, maana hakuna mwingine aliyeujua vizuri. Akaenda kwa kinyozi. Alifariki kwenye kiti, kichwa kikiwa kimenyolewa upande wa kulia. Kinyozi aliomba amalizie. Demetria, mke wa marehemu, alisema wamwache alivyo.

Walikwenda kumzika kwao Kibosho, wakakaa siku tisa. Funguo za nyumba walimwachia jirani yao Stanley, mtu wa Kibosho vilevile, wa jumuiya moja kanisani, aliyebeba jeneza mpaka kwenye gari. Waliporudi, masale hayakuwepo.

Masale, mimea ya majani marefu ambayo kwao Kibosho hupandwa mipakani na haing'olewi, ndiyo yaliyokuwa mpaka. Mwaka aliponunua kiwanja, Gaspar alisafiri na vipando vyake ndani ya basi kutoka nyumbani, akavipanda kwa mstari upande wa magharibi, kama baba yake alivyopanda, na babu yake. Kiwanja hakikuwa kimepimwa. Hati ya mauziano ilisema tu: magharibi, masale. Sasa palikuwa na udongo uliosawazishwa vizuri, na hatua sita ndani ya kiwanja chao palikuwa na mtaro wa msingi wa ukuta. Kisima alichokichimba Gaspar kilikuwa ng'ambo ya mtaro.

"Masale? Hapa?" Stanley aliuliza. "Mama Clara, msiba umetuchanganya sote."

"Stanley, wewe ni mtu wa Kibosho."

"Ndiyo maana nawaonea huruma."

Jumamosi jioni Clara alisimamisha kamera yake nyuma ya nyumba. Hakutafuta ushahidi. Alitaka kupiga picha moja ya bonde ambayo baba yake asingeicheka. Jua lilikuwa linashuka, mbingu ilikuwa nyeupe kwa mwanga, na mteremko wote ulikuwa kivulini. Jicho lake liliuona mteremko. Kamera iliona weusi. Jani halikutikisika. Kwa sheria ya baba yake, ilikuwa halali. Alipiga tatu.

Katika ya giza kulikuwa na mbingu tu. Katika ya kati kulikuwa na mbingu na weusi. Katika ya mwanga kulikuwa na udongo mtupu na mtaro. Alipoziunganisha, vivuli vilifunguka polepole kuanzia chini, mtaro haukuonekana tena, na mstari wa masale ulikuwepo, mbichi, umesimama. Kando ya kisima Gaspar alikuwa akimwagilia kwa kopo, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Mama, njoo. Njoo na miwani."

Demetria alikuja na unga mikononi. "Ndiye," alisema. "Na shati lile lile. Nililitafuta nimvike, kumbe kalivaa. Hebu yahesabu."

Waliyahesabu kwa vidole juu ya kioo, wakipotezana, wakianza upya, mpaka unga ukajaa kwenye kompyuta. Yalikuwa thelathini na moja. Clara alicheka kwa sauti.

"Rudi nje upige nyingine," mama yake alisema. "Kimbia, jua halina ndugu."

Alikimbia. Alipata mafungu manne ya picha tatu tatu kabla mwanga haujaisha, na katika la nne mstari ulionekana mpaka barabarani.

Wiki iliyofuata alijaribu kila saa. Mchana mweupe hakutokea kitu. Siku ya upepo walitokea akina Gaspar wawili, wote wamefifia, na wote walionekana wamekereka. Siku aliyozidisha rangi mpaka mbingu ikawa beseni, Gaspar aligeuza mgongo.

Majirani walikuja kuona, wakaletewa viti. Stanley naye alikuja, akakaa mbele.

"Mwalimu kanenepa," alisema. "Ila kinyozi kamwonea." Kisha akaenda kuwaambia mafundi wake waendelee na ukuta.

Clara alichapisha picha, akaipeleka ofisi ya mtaa pamoja na hati. Zubeida, mtendaji wa mtaa, aliiinamia.

"Shikamoo, mwalimu," aliiambia picha. Akamgeukia Clara. "Alinifundisha kidato cha pili. Nilikuwaga namwogopa. Sasa, hati inasema masale, na masale haya hapa, nayaona. Lakini kielelezo kinatakiwa kiwe picha moja. Hii umesema mwenyewe ni tatu."

"Moja moja hazionyeshi kitu, dada."

"Hapo ndipo penye ishu, mdogo wangu."

Aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka kwenye faili.

Siku ukuta ulipofika kifuani, Clara alipiga tena, mama yake na Stanley wakiwa wamekaa nyuma yake na chai. Picha ilipofunguka, Gaspar hakuwa kisimani. Alikuwa amesogea karibu kabisa, akiwa ameshika jani la sale kwa mikono miwili, amelinyoosha kuelekea kwao. Kwao Kibosho, aliyekosa humpelekea jani la sale aliyemkosea, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe.

Stanley aliweka kikombe chini. "Ananipa mimi?"

"Wewe ni wa kulileta, si wa kulipokea," Demetria alisema. "Anamwomba mwanawe. Alimwahidi kwamba Jumapili angemtembeza mpakani."

Clara aliigusa mikono ile kwenye kioo.

"Nimepokea, baba," alisema.

Stanley naye alilitazama lile jani. Halafu akauliza kama chai imebaki.

Ukuta ulikwisha mwezi huohuo, kozi kumi za tofali, juu kuliko kichwa cha mtu. Siku hizi, kila Jumamosi saa kumi na mbili na robo, kama hakuna upepo, Clara hupanda ngazi na kupiga picha tatu kwa juu ya ukuta. Masale yamerefuka. Nywele za baba yake zimeota upande wa kulia, na sasa pande zote zinalingana. Maji ya kisima Demetria huyaomba getini kwa Stanley, ndoo mbili, kila asubuhi.