Kadi Isiyotobolewa

Papa Banza alistaafu relini akaondoka na koleo lake la kutobolea tiketi, na kwa miaka mingi hakuna mtu wa kanisa lao pale Kalemie aliyekula Meza ya Bwana kabla koleo hilo halijapita kwenye kadi yake. Jumamosi ya kuamkia Meza, kila Mkristo alifika mbele ya mzee huyo wa kanisa akaulizwa kama ana neno na mtu. Asiye na neno alitobolewa kadi akaenda zake. Mwenye neno alirudi kumtafuta mwenzake, wakaja wawili, wakashikana mikono pale pale. Enzi hizo foleni ilifika barabarani, na watu wazima walilia bila kuona haya.

Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na sita, na Banza alikuwa ameketi tangu saa nane mchana. Aliyefika ni Mama Godelieve peke yake, ambaye hagombani na mtu kwa sababu hasikii. Kwaya nzima ilikuwa uwanjani ikijifunza kukisifu chama tawala kwa viuno. Wengine walituma kadi zao zikiwa zimefungwa furushi, na Mchungaji Anatole alikwisha kumwambia azitoboe tu, watu wana shughuli nyingi.

Banza alizitoboa kwa hasira. Kila mwezi alisimama kanisani akasema moto umezimika, tutubu, Mungu atuamshe upya, na kila mwezi watu waliitikia amina huku wakitafuta viatu vyao chini ya benchi. Alipomaliza furushi akatoa kadi yake mwenyewe mfukoni, akaiweka kati ya meno ya koleo, kama alivyofanya miezi yote. Safari hii mkono ulikataa.

Maana yeye alikuwa na neno. Mkewe, Denise, alipofariki, Célestin, rafiki yake wa tangu ujana, hakutia mguu matangani. Alikuwa amekwenda Pepa kutazama ng'ombe. Banza hakumwambia kitu. Alimsalimia vizuri, akamchukia vizuri, na kwa miaka tisa akajitobolea kadi mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumuuliza mzee anayeuliza. Leo alijiona, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kama kanisa lilikuwa limeoza, basi yeye alikuwa ameanza kuoza zamani.

Mungu hakumchelewesha. Célestin mwenyewe aliingia, mkononi ana kadi za watu wa nyumbani kwake.

"Papa Banza, nitobolee hizi haraka, wananingojea bandarini."

"Ikala kwanza, Papa Célestin. Niko na neno na wewe. Hukukuja kwenye matanga ya bibi yangu. Nimekuchukia miaka tisa, na nimekula Meza na ile chuki. Unisamehe."

Célestin alikunja uso, akawaza.

"Matanga ya Mama Denise? Mi nilikuwaka kule, hapana?"

"Hukukuwako. Ulikuwa Pepa."

"Ah. Inawezekana." Akaangalia saa. "Basi njo nini, Papa? Mambo ya zamani. Nimekusamehe, na wewe unisamehe. Tobola, tuende."

Akanyoosha mkono. Banza akaushika. Ulikuwa mkono mkavu, wenye haraka, na haukuwa na kitu ndani yake, si chuki wala upendo. Banza angefurahi kama angetukanwa. Alizitoboa kadi za Célestin moja moja, akamrudishia. Yake akairudisha mfukoni ikiwa nzima.

Jumapili aliketi benchi la pili, mahali pake pa siku zote. Mkate ukapita, akatikisa kichwa. Kikombe kikapita, akatikisa kichwa tena. Moyoni alikuwa na tumaini moja tu. Zamani mtu akiacha Meza, jua halikuzama kabla ndugu hawajafika kwake kumuuliza, ndugu, umeanguka wapi, tukusaidie kusimama. Wakija hata wawili, alijiambia, nitawaeleza yote, na tutaanza upya na hao wawili.

Alasiri alifagia mbele ya nyumba, akatoa viti vinne. Kisha akaongeza cha tano, asije akapungukiwa. Akakaa akitazama njia. Watu wa kanisa walipita wakampungia mkono, na Mchungaji Anatole akapita kwa baiskeli akasema ziwa leo limetulia.

Jua likiwa linaegemea milima, Florentine, mwalimu wa kwaya, alikata kona akaja moja kwa moja kwake. Banza alisimama. Akamvutia kiti kwa furaha.

"Hapana, Papa, sitaikala," Florentine akasema. "Nilikuwa naomba ile pense yako. Kesho tunacheza mbele ya Komisera wa serikali, na mikaba ya wasichana ya kufunga kiunoni haina matundu ya kutosha."

Banza aliingia ndani akalileta koleo. Florentine akalijaribu hewani, likalia mara mbili, akaridhika.

"Nitairudisha," akasema. Halafu, akiwa amekwisha kugeuka: "Leo sikukuona kwenye Meza, Papa. Ulikuwa safari?"

Asubuhi ile Banza alikuwa ameketi hatua tatu kutoka mahali Florentine alipokuwa amesimama akiongoza kwaya.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Nilikuwa safari."

Akaanza kuingiza viti ndani.