Jumamosi za Karavani

Mtanzania wa Minnesota akisema amepata likizo, hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Anaulizwa anaondoka lini, na kama begi lake lina nafasi ya kumpelekea mtu viatu vya mama yake. Likizo ni kwenda nyumbani, basi. Haya mambo ya kukokota kibanda kwa gari na kwenda kulala porini, ilhali una kitanda chako kizuri umekilipia, yalikuwa ya Wazungu wa kazini, na waliachiwa wenyewe.

Elihuruma alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alidanganya. Mwezi wa tano mwaka 2009 alimwambia baba yake, Mzee Zachariah, aliyekuwa Usangi, kijijini kwao mlimani, kwamba mwaka huu kazini hawakumpa likizo. "Kampuni imebana, baba. Watu wanapunguzwa. Ukiomba likizo sasa unajichongea." Mzee alikuwa mwalimu mpaka alipostaafu, mtu wa kukubali maelezo yakipangwa vizuri. Akasema sawa mwanangu, kazi kwanza. Kumbe likizo alishaipata, na karavani alishaikodi kwa mtu mmoja wa Oakdale: kijumba cheupe cha magurudumu, chenye vitanda, jiko na choo, cha kufungwa nyuma ya gari na kuvutwa.

Katikati ya jambo hili kulikuwa na kaburi. Mama yake Elihuruma alifariki wakati yeye akisubiri makaratasi ya kuishi Marekani, na kama angetoka asingeweza kurudi. Hakumzika. Sasa kwa ukoo wao, kaburi halijengewi mpaka mtoto wa kwanza awepo, kwa kuwa yeye ndiye anayeweka mwiko wa kwanza wa zege pale kichwani, halafu mafundi wanaendelea. Kwa hiyo kaburi la mama lilibaki udongo mtupu. Rahab, mdogo wake aliyebaki karibu na mzee, alikuwa akiling'olea magugu, na kila mwaka mzee aliuliza kwa upole kabisa, "Likizo yako inaangukia lini?"

Makaratasi yalishatoka. Nauli ilikuwepo. Kilichokosekana ni moyo. Elihuruma aliliogopa lile kaburi. Aliogopa kusimama mbele yake huku majirani wakimtazama, yule ambaye mama yake alizikwa na watoto wa watu. Mkewe, Doris, aliujua woga huo na alikuwa ameshauchoka.

"Mwambie mzee ukweli," alimwambia jikoni kwao Saint Louis Park walipokuwa wakifunga mizigo. "Mwambie unaogopa, au mwambie unakwenda Kanada kutembea na mwanao. Chagua moja."

"Nitamwambia tukirudi."

"Ukirudi utakuwa umeshaongeza uongo mwingine juu ya huu."

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi, ambayo Usangi ni jioni, baba na mwana waliongea kwa Skaipu wakionana sura. Rahab alikuwa na kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi Mwanga mjini, na kila mwisho wa wiki alipanda mlimani na kompyuta yake kwa ajili ya maongezi hayo. Jumamosi ikipita kimya, mzee hali chakula, na Rahab hupiga simu mpaka ofisini kwa kaka yake. Hilo Elihuruma hakulitaka hata kidogo. Akanunua modemu, kile kidude cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta kikavuta intaneti kutoka kwenye minara ya simu popote ulipo. Kisha, na hapa ndipo Doris alipokaa chini akacheka mpaka akashika mbavu, alilishusha pazia la sebuleni, lile la maua ya zambarau ambalo mzee alizoea kuliona nyuma ya kichwa chake, akalikunja na kulipakia kwenye karavani.

Jumamosi ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Walikuwa wameegesha karibu na Grand Marais, kaskazini kabisa mwa jimbo, ziwa likiwa mbele yao. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, ikabidi Doris aishikilie modemu dirishani kwa waya mrefu huku akisonya. Pazia lilitundikwa kwa vibanio vya nguo. Elihuruma juu alivaa shati la kola, chini kaptula. Tulia, binti yao aliyekuwa darasa la tatu, aliambiwa akacheze nje na asirudi mpaka aitwe.

"Umenenepa," alisema mzee.

"Ni kukaa kwenye kiti, baba. Kazi nyingi."

"Pole. Na hali ya hewa?"

"Joto, joto. Tumefungua madirisha."

Ndege wa ziwani akapita juu ya karavani akipiga makelele. Mzee akatega sikio. "Siku hizi mnafuga kuku?"

"Hiyo ni televisheni, baba."

Dirishani Doris alijiziba mdomo kwa kanga.  Kabla ya kuaga mzee alisema kuna jambo anataka kulimaliza, na kwamba Jumamosi ijayo Elihuruma asikose, hata iweje.

Mpango ulikuwa wavuke kwenda Kanada Jumatatu, waende kuona maporomoko ya maji karibu na Thunder Bay, kisha Ijumaa wawe wamerudi upande wa Marekani. Ile modemu ilikuwa ya ndani ya nchi. Ukishauvuka mto wa mpakani taa yake inakuwa nyekundu na kubaki hivyo, na ukitaka ifanye kazi nje ni lazima uwe umejiandikisha kabla ya kusafiri. Elihuruma hakujiandikisha. Ya nini, na Jumamosi atakuwa amerudi? Alhamisi tairi la karavani likapasuka barabarani na kuipinda ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu. Fundi aliinama, akatazama chini, akainuka akijifuta mikono. Kipuri hakifiki kabla ya wiki ijayo, alisema. Wakakwama kwenye kambi ya karavani, huko huko Kanada.

Jumamosi asubuhi Elihuruma alichomeka modemu, akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Nyekundu. Simu yake ya mkononi nayo ilikuwa bubu tangu mpakani. Intaneti pekee iliyokuwepo ilikuwa ya kambi, tena ilishika barazani mwa ofisi tu, kwenye meza ya mbao, watu wakikatiza na mataulo mabegani. Hapo hakuna pa kutundika pazia. Alikaa, akaizima kamera, akapiga.

"Shikamoo baba. Leo picha haipiti, mtandao wa huku mzito."

"Marahaba. Wa huku ni mwepesi kabisa," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa imechangamka. "Basi tazama wewe."

Hakuwa ndani. Rahab naye alikuwa amenunua modemu, akaitoa kompyuta hadi shambani na kuiweka juu ya kiti mbele ya mzee. Rahab mwenyewe alishika kamera ndogo ya waya iliyochomekwa kwenye kompyuta, akaizungusha taratibu. Elihuruma akaiona migomba. Akawaona watu waliovaa nguo za kanisani, mchungaji, mafundi wawili na zege lililokwisha kuchanganywa. Mzee alikuwa na koti, na masikioni hedifoni alizovishwa na Rahab asisumbuliwe na kelele za watu. Kisha kamera ikashuka kwenye kaburi. Ndiyo kwanza alikuwa analiona. Lilikuwa dogo kuliko alivyolidhania miaka yote hiyo.

"Nimefikiri sana," alisema mzee. "Likizo hawakupi, na mimi sizidi kuwa kijana. Mchungaji amekubali. Wewe utaonekana hapa kwenye kompyuta, utatamka neno, na mimi nitaweka mwiko kwa mkono wangu. Itahesabika ni wewe umeweka. Haya, washa kamera watu wakuone."

"Haipiti, baba."

"Jaribu, mwanangu. Wengine wametoka Ugweno."

Angeweza kukata. Mtandao ukikatika nani atalaumiwa? Kidole kilikuwa pale pale kwenye kitufe. Lakini alimwona shangazi yake amejikinga jua kwa kiganja, ameinyoosha shingo kuelekea kwenye kompyuta, anamtafuta. Akawasha kamera.

Mzee alitazama. Aliona kofia ya jua kichwani kwa mwanawe, aliona karavani zimepangwa mstari, mtumbwi mwekundu juu ya gari, na nyuma kabisa mwanamume kifua wazi akichoma soseji.  Na kwa kuwa safari hii hakuna aliyemwambia Tulia akacheze mbali, alikuja mbio akajipenyeza chini ya mkono wa baba yake.

"Babu! We're on vacation! We're in Canada!"

Mzee alifundisha Kiingereza maisha yake yote. "Hujambo, mjukuu wangu," alisema.

"Sijambo, Babu."

"Vizuri." Halafu akaisogelea kompyuta na kushusha sauti. "Kumbe walikupa."

"Baba..."

"Likizo. Walikupa."

"Ndiyo, baba."

Aibu ilimpanda Elihuruma mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kueleza yote, ule woga, majirani, miaka aliyokuwa akijificha nyuma ya kazi. Kule shambani mchungaji aliuliza, "Mwalimu, tumempata?" Watu wakaanza kusogea waje waone.

Mzee alinyoosha mkono upesi, akakishusha kifuniko cha kompyuta nusu, kisha akawageukia. Kamera ya Rahab ilimfuata.

"Tumempata," alisema kwa ile sauti yake ya darasani. "Yuko kazini. Wamemruhusu asimame kidogo tu, lakini anatusikia."

Watu waliguna kwa huruma. "Maskini," alisema shangazi, "hata Jumamosi!"

Fundi alimpa mzee mwiko ukiwa na zege. Mzee aliutazama, akamrudishia. "Anzeni miguuni," alisema. "Jengeni pande zote. Hapa kichwani msiweke kitu."

"Mwalimu, si ulisema leo utaweka wewe kwa niaba yake?"

"Pabaki wazi. Ataweka mwenyewe, wakimpa likizo."

Mafundi wakaanza. Rahab hakuizima kamera, na Elihuruma hakuondoka mezani. Alitazama zege likimwagwa na kusawazishwa, wimbo ukianzishwa, watu wakiimba, na pale kichwani udongo ukibaki udongo. Alilia waziwazi, watu wa mataulo wakipita na kuangalia pembeni. Tulia alitambua kwamba amekosea mahali fulani, hakujua wapi, akamshika baba yake mkono wa shati.

Doris alikuja kutoka kwenye karavani, akasimama nyuma yao. Alimtazama mumewe, akaitazama kompyuta.

"Amejua?"

"Amejua."

"Amesema nini?"

Elihuruma alijifuta uso kwa kofia. "Amewaambia watu niko kazini."