Vipande vya Abakosti

Barua ya mafungo ilisomwa kanisani baada ya misa ya pili, na kila mwanamke aliyetaka kwenda alijua abebe nini: sindano mbili, makasi kama anayo, sahani, kijiko, bakuli la unga wa mahindi na kitu kizito cha kujifunika, maana mwezi wa sita baridi ya Kolwezi haina huruma. Mwishoni palikuwa na sentensi moja ambayo Mama Godelieve, msomaji, aliirudia mara mbili: kila mmoja alete nguo moja ambayo ni vigumu kwake kuiachia.

Bilonda alirudi nyumbani na sentensi hiyo kichwani. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Mumewe, Ngeleka, alizikwa mwezi wa kwanza. Kifua kilimkausha taratibu, akafa asubuhi moja akiomba chai. Alimwachia mabinti wawili mapacha wa miaka mitano, Mbuyi na Kanku, na kwa ajili yao watu wa Kasai pale mtaani walimwita Bilonda kwa jina la heshima la mama wa mapacha: Mwa Mbuyi.

Siku ya tatu ya kilio, wifi yake Ernestine alikusanya nguo zote za marehemu, akazipanga ndani ya valizi moja, akaifunga kwa kamba. Katika ukoo wao, nguo za marehemu hazifuliwi, hazivaliwi wala hazikatwi mpaka kaka mkubwa afike azigawe. Mjane anayezigusa kabla ya hapo amejimalizia kilio mwenyewe. Husemwa kwamba hakumlilia mume wake, na watoto hawaachwi mikononi mwa mwanamke wa namna hiyo.

Kaka mkubwa, Muamba, alikuwa akikaa Mwene-Ditu. Alituma salamu kwamba anakuja. Mwezi wa pili ukapita, wa tatu, wa nne, na valizi ikabaki juu ya kabati. Ernestine naye alibaki. Mume wake alikuwa amemfukuza miaka mingi iliyopita kwa sababu hakuzaa, na tangu hapo aliishi kwa Muamba, akila chakula cha Muamba. Alikuja kwa ajili ya kilio, akaambiwa akae amwangalie mjane.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakikuingia katika valizi. Asubuhi ile ile ya kifo, kabla watu hawajajaa nyumbani, Bilonda alichukua abakosti ya Ngeleka, ile suti ya koti lisilovaliwa na tai, akaificha chini ya godoro. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, kitambaa kizito, kola imesimama vizuri. Kabla ya kuwa ya Ngeleka ilikuwa ya baba yao. Ngeleka aliivaa Jumapili na siku za sherehe, na harufu ya shingo yake ilikuwa imekaa ndani ya kola. Bilonda hakuwa na nia ya kuiba. Alitaka tu kitu cha kushika usingizi unapokataa.

Alhamisi lori la parokia liliwachukua wanawake kumi na wawili, Bilonda na Ernestine wakiwemo, mpaka nyumba ya masista, kwenye barabara ya kwenda Mutshatsha. Bilonda aliwaacha mapacha kwa jirani. Ndani ya kikapu aliweka kikwembe, kile kitenge chake cha harusi, akisema moyoni kwamba hicho ndicho atakachotoa. Chini yake, bila kujiuliza sana kwa nini, aliweka abakosti.

Mama Godelieve, mjane mnene aliyetoka upande wa kaskazini mwa Katanga, aliwapanga kuzunguka meza mbili ndefu.

"Ba mama, sikieni vizuri," alisema. "Kwanza mutakata. Kipande moja, upana wa kiganja. Kiisha bipande yote tunachanganya mu beseni, na kila mutu atatosha yake mule na macho kufunga. Tunashona, tunaweka bulangeti ya zamani katikati, mifuko ya unga chini, tunashona tena mpaka sindano inatokea ngambo ingine. Bulangeti yenye utarudia nayo haitakuwa yako. Itakuwa na bitu ya benzako. Njo kazi ya mafungo."

"Na kama mutu anajuta?" aliuliza Tshilombo, mke wa fundi umeme.

"Atajuta na kushona."

Wakacheka. Siku ile ya kwanza walifanya mazoezi tu kwa vitambaa vya bure, na vicheko havikuisha. Mama Godelieve alipita nyuma yao akiwa na rula, akasimama kwa Bilonda.

"Mwa Mbuyi, mushono yako inatembea sawa mulevi mwenye kutoka ku bare."

"Itafika, mama."

"Itafika, lakini bibi yake atakuwa ameshafunga mulango."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza Bilonda kucheka, akajisikia vibaya, kisha hakujisikia vibaya tena.

Ijumaa asubuhi, saa ya kukata ilipofika, alikwenda kwenye baraza ya nyuma kuchukua kikwembe chake. Akamkuta Ernestine amepiga magoti mbele ya kikapu. Alikuwa amekuja kutafuta uzi. Mikononi alishika abakosti, uso ameuzika ndani ya kola.

Bilonda alisimama.

"Hii ni ya tata, baba yetu," Ernestine alisema bila kugeuka. "Nilijua haikuwa mu valizi. Tangu siku nilifunga kamba, nilijua."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema kwa nani? Kwa Muamba?" Akajifuta macho kwa kiganja. "Yee ndugu yangu, mi nilimubeba ku mugongo. Na mi pia sikuachiwa kintu."

Walikaa chini kwenye saruji baridi, nguo ikiwa katikati yao kama mtoto anayelala. Ndani sauti za makasi zilikuwa zimeanza.

"Unataka kuitia mule?" Ernestine aliuliza.

"Naogopa. Muamba akikuya..."

"Muamba hatakuya. Myezi tano, Mwa Mbuyi. Ikibaki chini ya godoro, panya itakula. Kata. Mi niko dada yake, damu moja. Kama mi nasema kata, ni jamaa inasema."

"Sema tena."

"Kata."

Bilonda alimwamini, na kwa desturi yao hakukosea kuamini: ruhusa ya dada wa marehemu ni ruhusa ya ukoo. Kosa lake lilikuwa kwamba maneno hayo yalisemwa barazani, watu wawili tu, na hakuna aliyeyasikia.

Waliikata pamoja. Ernestine alivuta upande mmoja wa kitambaa ili kinyooke, Bilonda akapitisha makasi. Kitambaa kilikuwa kigumu na kila mkato ulitoa sauti kavu. Mgongo ulitoa vipande vingi, mikono vichache, kola haikutoa hata kimoja. Vyote vikaingia katika beseni, juu ya vitenge, shuka za watoto, gauni la ubatizo la mtu fulani, na Mama Godelieve akavichanganya kwa mikono yote miwili kama anayekanda unga. Wanawake walifumba macho, wakatoa kipande kimoja kimoja. Vipande vya kahawia vikatawanyika meza zote mbili. Bilonda hakupata hata kimoja. Ernestine alipata vitano.

Jumamosi mchana lori liliwarudisha. Mbele ya nyumba, juu ya kiti cha jikoni, mwanamume mrefu alikuwa amekaa, viatu vyake vyeupe kwa vumbi, Mbuyi kwenye goti hili, Kanku kwenye goti lile.

"Treni ililala siku mbili Lubudi," Muamba alisema. "Bila ile, ningewakuta hapa Alhamisi."

Jumapili baada ya misa valizi iliteremshwa. Muamba alimwita Tata Tharcisse, karani wa makamo kutoka ukoo wao, awe shahidi. Bilonda na Ernestine walikaa kwenye mkeka. Muamba hakuwa mtu wa kelele. Alifungua kamba bila haraka, akatoa nguo moja moja, akaikunja kila moja upya: shati hili la Tharcisse, suruali hii ya mpwa wa Mwene-Ditu. Valizi ilipobaki tupu, alipitisha mkono ndani yake, kona kwa kona.

"Abakosti ya tata iko wapi?"

Macho yake yalizunguka chumba taratibu, yakapita kabati, yakapita kitanda, yakatua kwenye blanketi jipya la Ernestine lililokunjwa juu ya kigoda. Alilichukua, akalitandaza sakafuni. Akaweka kidole kwenye kipande cha kahawia. Kisha kingine. Aliijua nguo ile. Ndiye aliyeipeleka kwa fundi nguo baba yao alipotaka kushonewa.

"Nani alikata?"

"Ni mi," alisema Bilonda.

"Nani alikupa ruhusa?"

Bilonda alimtazama wifi yake. Hakutaja jina, haikuwa adabu kumsemea dada wa marehemu mbele ya kaka yake. Alingoja. Lilihitajika neno moja tu, na mapacha wangelala palepale walipolala jana.

Ernestine alikuwa anaangalia kucha zake.

"Ernestine," alisema Muamba. "Weye ulikuwa pale. Ulimwambia akate?"

"Hapana," alisema Ernestine. "Nilikuwa ku ngambo ingine. Nilikuta imeshakatwa."

Nje mtu alikuwa anatwanga, na mchi uliendelea kupiga.

Tharcisse alikohoa. "Kaka, ba mama kumi na mbili balikuwa kule. Ule Mama Godelieve si mutu wa bongo, yee anasema kweli. Tunaweza kumuita."

"Mutu wa inje hatutamuita mu mambo ya jamaa," alisema Muamba. Akalikunja blanketi kwa umakini ule ule aliokunjia mashati. "Kilio alikimaliza yee mwenyewe, na makasi. Sina hasira naye. Lakini batoto ba ndugu yangu hawatabakia hapa. Kesho kutwa tunapanda treni. Ernestine atabalea."

Bilonda hakuomba aachiwe hata mmoja. Mapacha hawatenganishwi, hata kulitamka jambo hilo ni kuwatakia kifo. Alifungua mdomo aseme lile lililosemwa barazani, neno kwa neno, mara mbili kama lilivyosemwa. Akamwona Ernestine amejikunja, mikono imeshika magoti, mwanamke wa miaka arobaini asiye na mlango mwingine wa kubisha duniani isipokuwa ule wa kaka yake. Mikono hiyo ndiyo itakayowapikia watoto. Ndiyo itakayowaogesha, na kuwapiga au kutowapiga. Muamba angemwamini nani? Na kama asingeamini, aibu ya kuumbuliwa hivyo Ernestine angeibeba mpaka Mwene-Ditu, aishi nayo nyumba moja na mabinti wawili wenye uso wa mama yao.

Akafunga mdomo.

"Nilikata mi mwenyewe," alisema. "Ernestine hakujua."

Jumatatu alifua nguo za watoto, akazianika, akazikunja zingali na unyevu kwa sababu jua lilikuwa dhaifu. Ernestine aliingia chumbani akafunga mlango nyuma yake, akasimama hapo akiwa ameegemea mbao.

"Mwa Mbuyi," alisema. "Mi..."

"Ikala."

Ernestine alikaa.

"Kanku anaogopa maji ya moto. Umuogeshe na ya vuguvugu, na uanze ku miguu, hapana ku kichwa. Mbuyi akinyamaza sana, usiseme ana adabu, ni homa. Ukimupa huyu, mupe na ule, siku moja, saa moja, hata kama ni karanga. Kusuka, anza na Mbuyi, juu yeye njo mukubwa. Usibaambie nimekufa."

"Nisamehe," alisema Ernestine. "Angenitupa inje. Unamujua. Angenitupa inje."

"Sikia. Sijamaliza." Bilonda alichukua kigauni kingine akakiweka juu ya paja, akakipapasa kukinyoosha. "Bakiuliza nitakuya lini, sema baridi ikiisha. Bakiuliza tena, sema tena vile."

Mabega ya Ernestine yalikuwa yanatikisika. Bilonda alingoja kidogo, akaona hayatulii. Akaanza tena toka mwanzo, polepole, kwa sababu pengine lile la maji hakulisikia.