Mtu wa Getini

Saa kumi na mbili na robo jioni, Nanyori alikuwa akikoroga loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, jikoni kwake Terrat, pale kidude kilichokaa juu ya friji kilipomkaribisha mumewe nyumbani. Kilisema karibu, kikataja na jina lake, majina yote mawili kama yalivyo kwenye kitambulisho. Geti likafunguka lenyewe. Marehemu akaingia, akavua kofia, akauliza kama ng'ombe wameshakamuliwa.

"Bado mmoja," Nanyori akasema.

Ilikuwa wiki ya saba tangu wamzike kule Olkokola, magharibi ya Mlima Meru, pembeni ya shamba la mahindi la kaka yake. Katika ukoo wao wa Kiarusha, mtu akishazikwa jina lake halitajwi tena. Mumewe Nanyori alikuwa sasa Baba Lengai, au yule mzee, basi. Kaburini mchungaji alilisoma jina mara moja kutoka kwenye karatasi, kwa kuwa kanisa nalo lina taratibu zake, na wanawake wakatazama chini mpaka alipomaliza. Wazee husema marehemu ukimwita atakuja, na akija hatapumzika. Ukoo mzima ulilijua hilo. Asiyelijua alikuwa Upendo.

Upendo ndiye yule wa juu ya friji, spika nyeusi yenye taa ya bluu, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Mtoto wao Lengai aliinunua alipopata kazi Dar es Salaam, pamoja na kamera ya getini na kufuli linalotambua nyuso za watu. "Yeyo, sasa hata mkianguka bafuni nitajua," alimwambia mama yake, na wazazi wote wawili wakashukuru, ingawa hakuna aliyekuwa na mpango wa kuanguka bafuni. Mzee aliipenda. Aliiuliza habari za mvua na za mpira, na iliponyamaza aliisalimia ili isijisikie mpweke. Kwa miaka miwili alirudi kutoka kijiweni saa kumi na mbili na robo, na Upendo akajifunza mazoea yake. Alipokufa, hakuna aliyemwambia Upendo.

Kwa hiyo siku ya nane baada ya mazishi, wageni wa msiba walipokwisha kuondoka na saa ilipofika, Upendo alimwita. Mzee alikuwa mtu wa kuitika. Akaja.

Tuseme ukweli, Nanyori alifurahi. Alijua ni mwiko, lakini mwiko hakuuvunja yeye, na kitanda kilikuwa kimekuwa kipana mno. Akatoa bakuli la pili. Hedwiga, jirani yao, Mchaga wa Machame, alikuja kuomba chumvi akamkuta mzee ameketi kwenye kiti chake. Akasema, "Shikamoo mzee," akapokea chumvi yake. Pale mlangoni alimnong'oneza Nanyori kwamba mzee amekonda.

Jioni hiyo ya wiki ya saba, mzee hakugusa bakuli.

"Nimechoka, Mama Lengai."

"Umechoka na nini? Si umelala?"

"Silali. Na Olkokola sijafika."

Akamweleza, polepole, huku akikohoa kile kikohozi chake cha miaka thelathini na moja ya kupulizia dawa kwenye kahawa ya watu. Alikowekwa ni chumba kirefu kisicho na dirisha, baridi yake inashinda ya kule juu msituni mwezi wa saba. Kuna rafu mpaka darini, na feni zinanguruma bila kupumzika. Vijana wenye vidude masikioni hupita, humchukua, humrudisha nyuma, humpeleka mbele.

"Jana wamenisimamisha pale ninapokohoa. Kohoa, rudia. Kohoa, rudia. Mara arobaini."

"Wanataka nini na kikohozi chako?"

"Wanauza."

"Nani ananunua kikohozi?"

"Watu wa bima, nimesikia. Hawajamuuliza Lengai kama na yeye anakohoa?"

Walikuwa wamemuuliza. Lengai alimpigia mama yake wiki iliyopita kumsimulia, akacheka, akasema huenda wamekosea namba.

Nanyori akaweka mwiko chini. "Na mimi wananijua?"

Mzee akatazama bakuli lake. "Upo. Rafu ya pili. Unaomba."

Nanyori alijua ni ombi lipi. Ilikuwa alfajiri moja ya mwezi wa mwisho wa ugonjwa, yuko peke yake jikoni, mashuka yameloweshwa kwenye beseni. Alimwomba Mungu amchukue mumewe mapema, kwa sababu yeye mwenyewe amechoka kumuuguza. Alilisema neno hilo kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini, halafu akajifuta macho na kanga na kwenda kumgeuza mgonjwa ubavu. Hakuwahi kumwambia mtu. Sasa aliona aibu iliyomchoma mpaka kwenye nyayo.

"Umesikia," alisema.

"Wanalirudia kila siku. Wana mtu wa kuwatafsiria." Mzee akakohoa. "Usilie. Na mimi niliomba hivyohivyo, ulipokwenda kukamua. Langu liko rafu ya kwanza."

Walikuwa wanandoa wa miaka arobaini na mbili, kila mmoja akiwa ameshasikia la mwenzake. Kisha mzee akamwomba kitu kimoja tu. Amwondoe kule, afike Olkokola, alale kwenye udongo wake kama watu wengine.

Kesho yake Nanyori akachomoa waya wa Upendo na kumfukia kwenye gunia la pumba. Jioni geti likafunguka vilevile, sauti ikitokea kwenye kamera. "Haisaidii," mzee akamwambia. "Sisi tulishafika kule." Nanyori akamtoa Upendo kwenye pumba, akampangusa, akamrudisha mahali pake.

Akampigia Lengai, akamwomba amfute baba yake humo.

"Yeyo, nikimfuta baba, na sauti yake itapotea," alisema. "Mimi huwa naisikiliza nikitoka kazini. Niache na hiyo tu."

Nanyori akaipigia mwenyewe kampuni yenye Upendo. Akapokelewa na binti mwenye adabu aliyejitambulisha kwa jina la Swabaha.

"Shikamoo mama. Naomba jina kamili la mtumiaji unayetaka kumfuta."

"Marahaba. Ni Baba Lengai."

"Jina lake kamili, mama."

"Hilo halitajwi, mwanangu. Amekufa."

"Poleni sana, mama. Basi itabidi alitaje mtu wa humo ndani ambaye sauti yake imesajiliwa. Mara tatu, mbele ya kifaa. Ni kwa ajili ya usalama wenu."

Waliosajiliwa walikuwa wawili, yeye na marehemu. Hata hivyo alimwita Hedwiga, maana Wamachame hawabanwi na mwiko huo. Hedwiga akasimama mbele ya friji, akajikohoza, akalitaja jina vizuri kabisa. Upendo akajibu kwamba sauti hiyo haitambuliki, kisha akamuuliza Hedwiga kama angependa itambulike. Hedwiga akasema hapana asante, akakumbuka ana maharage jikoni.

Nanyori akafunga mlango. Akavaa kitenge cha kanisani, akasimama pale aliposimama alfajiri ile.

Akalitaja jina la mumewe. Bandani ng'ombe wakaacha kucheua. Akalitaja mara ya pili, akashika meza. Lilikuwa jina zuri. Mara ya mwisho kulitamka hivyo, taratibu, alikuwa msichana, na alilitamka mbele ya baba yake alipoulizwa ni kijana gani. Akalitaja mara ya tatu.

"Mtumiaji amefutwa," Upendo akasema. "Sauti zilizokwisha kurekodiwa zitaendelea kutunzwa ili kuboresha huduma zetu. Asante kwa kutuamini."

Nanyori akalala mapema siku hiyo, usingizi mzito wa mtu aliyemaliza mazishi.

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo, alikuwa akikoroga loshoro. Bakuli lilikuwa moja.

"Mtu asiyejulikana yuko getini," Upendo akasema.

Geti halikufunguka. Simu ikaita, alikuwa Lengai, ameona picha kwenye simu yake huko Dar. "Ni baba," alisema. "Ana kofia yake. Nabonyeza kufungua, linakataa, linasema halimjui."

Nanyori akachukua ufunguo wa mlango mdogo, akatoka. Mzee alikuwa amesimama nje, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwa wakwe.

"Ingia."

"Siwezi. Sijaitwa. Nimekuja kwa mazoea tu."

"Hukufika Olkokola?"

"Bado wananikohoza. Ila sasa hawana jina, wananiita namba."

"Namba ngapi?"

"Ndefu. Sijaishika." Akavua kofia, akaizungusha mikononi. Alionekana mwenye haya. "Mama Lengai, kwani mimi nilikuwa naitwa nani?"

Nanyori akafungua mdomo. Jina lilikuwa palepale ulimini, bado lina joto la jana. Juu ya geti taa ya bluu ya kamera ikawaka, ikamgeukia.

Akafumba mdomo. Akarudi ndani, akatoka na kigoda na bakuli, akakiweka kigoda nje ya geti, kwenye vumbi. Mzee akakaa, akakohoa, akasubiri jibu. Siku hizi huja kila jioni na kuuliza hilohilo, na watu wa Terrat wanaopita hapo huwasalimu wote wawili.

"Kula kwanza," Nanyori humwambia.